Jinsi ya kulizunguka Hekalu la Meenakshi la Madurai na kuzifuata hadithi zake

Wageni wengi hufika Madurai, kusini mwa India, wakaishangaa minara yenye sanamu za rangi, wakaingia, wakapotea kwenye korido, wakatokea mlango mwingine wakitafuta viatu vyao. Ukubwa wa hekalu si shida. Shida ni kutojua uanzie wapi. Ndani ya ukuta mmoja mna nyumba mbili za ibada, ya mke na ya mume. Katika mahekalu mengi ya Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu, mke hupewa chumba cha pembeni. Hapa mwenye nyumba ni mke, mungu wa kike Meenakshi, na waumini humsalimu yeye kwanza ndipo waende kwa mumewe, Sundareswarar, ambaye ni Shiva. Ukifuata utaratibu huo, hadithi zitakujia kwa mpangilio wake. Ukiugeuza, utaona mawe mazuri tu.

Kisa cha kukijua kabla ya kuvua viatu

Mfalme Malayadhwaja wa ukoo wa Pandya na malkia Kanchanamalai hawakujaliwa mtoto. Wakafanya yajna, yaani ibada ya moto, wakiomba mwana wa kiume. Motoni akatoka msichana wa miaka mitatu mwenye matiti matatu. Sauti ikawaambia wasihuzunike: wamlee kama mrithi wa kiume, wamfunze silaha, na titi la tatu litatoweka siku atakayokutana na mume wake.

Msichana huyo, Tadaatagai, akatawazwa kuwa malkia. Akaenda vitani pande zote za dunia, akashinda kila alikokwenda, mpaka akafika Mlima Kailash, makao ya Shiva. Majeshi ya Shiva nayo yakashindwa. Shiva mwenyewe alipotokea, malkia akainamisha uso kwa haya, na titi la tatu likatoweka. Harusi ikafanyika Madurai. Vishnu, mungu mwingine mkuu na kaka wa bibi harusi, ndiye aliyemkabidhi. Kisha Shiva akabaki kutawala kama mfalme Sundara Pandya. Kwa maneno mengine, mume ndiye aliyehamia ukweni.

Shika mambo matatu tu katika kisa hiki: bibi arusi alikuwa malkia kabla hajawa mke, kaka ndiye aliyemwoza, na mume ni mgeni wa mji. Karibu kila sanamu kubwa na kila sikukuu ya hekalu inarudi kwenye moja ya hayo.

Saa, mavazi na mizigo

Hekalu hufunguliwa saa 11 alfajiri na kufungwa saa 6:30 mchana. Hufunguliwa tena saa 10 jioni hadi kama saa 3:30 au saa 4 usiku. Katikati miungu hupumzika, na hakuna anayefunguliwa. Kosa la kawaida ni kufika saa 5:30 asubuhi ukidhani una saa nzima: foleni peke yake itaila. Tenga saa mbili hadi tatu. Wakati mzuri ni alfajiri, mawe yakiwa baridi, au kuanzia saa 11 jioni kisha ukabaki kusubiri ibada ya usiku. Aprili na Mei joto la Madurai hukaribia nyuzi 40, na uani, pasipo na paa, jiwe la mchana huunguza nyayo. Pita penye mikeka au kivulini.

Mabega na magoti yafunikwe. Mwanamume avae suruali ndefu na shati, au veshti, ile shuka nyeupe ya kiunoni inayofungwa kama kikoi. Kikoi cha rangi rangi afadhali ukiache hotelini, kwa sababu huko shuka ya rangi ni nguo ya nyumbani na ya kazini, si ya hekaluni. Mwanamke avae sari, gauni refu, au suruali pana na kanzu ndefu yenye mtandio. Kaptura, fulana ya mikono mikato na nguo za kubana hurudishwa mlangoni.

Viatu huachwa kwenye vibanda vilivyo nje ya milango. Kumbuka mnara ulioingilia. Minara minne ya nje, wa mashariki, kusini, magharibi na kaskazini, hufanana sana machoni pa mgeni, na kuzunguka nje peku ukitafuta kandambili si mchezo. Simu na kamera haziingii. Tarehe 2 Februari 2018 moto uliunguza maduka na kuharibu ukumbi wa Veera Vasantharaya karibu na mnara wa mashariki, na tangu Machi mwaka huo mahakama imepiga marufuku simu ndani. Kuna makabati ya kuzihifadhi nje. Chukua noti ndogo ndogo za rupia, maana chenji ni tabu kila kibanda.

Kuingia ni bure. Kwa waumini wanaotaka foleni fupi ya kuwafikia miungu, kuna tiketi ambazo kwa miaka mingi zimekuwa za rupia 50 na 100. Mgeni asiye Mhindu hana haja nazo, na akiuziwa na dalali barabarani atakuwa ametupa pesa. Asiye Mhindu huruhusiwa kutembea korido, kumbi na ukingo wa bwawa, lakini haingii vyumba vitakatifu vya Meenakshi na Sundareswarar. Kibao kipo mlangoni. Usibishane na mlinzi, wala usijaribu kupenya. Inafaa pia kujua kwamba mlango huo umewahi kuwa mwembamba zaidi: mpaka tarehe 8 Julai 1939, A. Vaidyanatha Iyer alipoingia pamoja na kundi la watu wa tabaka zilizotengwa, hata Wahindu wa tabaka hizo walizuiwa.

Njia yenyewe

Anzia mashariki, kwenye ukumbi wa Ashta Shakti, ambao nguzo zake zina maumbo manane ya nguvu ya kike. Huu ndio mlango wa upande wa Meenakshi. Kwa desturi ulijengwa na wake wa mfalme Tirumalai Nayak, aliyetawala 1623 hadi 1659. Ikitokea walinzi wamekuelekeza mlango mwingine siku hiyo, usihangaike: uliza "Potramarai" na uanzie bwawani.

Kanuni ya mwendo ni moja. Zunguka ukiwa umeliweka hekalu mkono wako wa kulia, yaani kama mishale ya saa. Ukienda kinyume utagongana na umati, na wazee watakugeuza kwa ishara ya mkono.

Potramarai Kulam, Bwawa la Yungiyungi la Dhahabu, lina urefu wa kama mita 50 na upana wa mita 37, na katikati yake pamesimama ua la dhahabu. Kisa chake kinatangulia kile cha malkia. Indra, mfalme wa miungu, alikuwa anatangatanga na dhambi ya kuua. Alipofika kwenye msitu wa mikadamba akahisi mzigo umemshuka, akatafuta sababu, akakuta lingamu, jiwe la Shiva, chini ya mti. Hakuwa na maua ya kuliabudu, na hapo bwawa likachanua yungiyungi za dhahabu. Gogo la mkadamba bado limehifadhiwa kwenye korido ya Sundareswarar, na chumba kitakatifu cha Sundareswarar kimejengwa kana kwamba kinabebwa na tembo wanane, simba 32 na majitu 64 ya mawe, kumkumbuka Indra aliyekijenga kwa mujibu wa hadithi.

Bwawa hili pia ni mahakama ya fasihi. Wasimulizi husema washairi wa Sangam, baraza la kale la Kitamil, walitupa maandiko yao majini: zuri likaelea, baya likazama. Mshairi Nakkirar alithubutu kulikosoa shairi la Shiva mwenyewe, akashupaa hata baada ya kumtambua, akachomwa na jicho la tatu, akaangukia humu ndani kupoza mwili. Kuna waandishi wangepaswa kuletwa hapa kila mwaka. Usioge miguu bwawani wala kutupa sarafu. Simama ngazi za upande wa kaskazini utazame kusini: hapo mnara wa kusini huonekana wote. Ndio mrefu kuliko yote 14, kama mita 52, ulijengwa 1559, na una sanamu zaidi ya 1,500 za chokaa juu ya matofali. Rangi zake si za kale. Hupakwa upya kila hekalu linapotakaswa, jambo ambalo kwa desturi hufanywa kila miaka 12, na mwaka 2009 lilifanywa mwezi Aprili. Matayarisho yakianza, minara huvikwa jukwaa la mafundi, na mgeni aliyekuja kwa ajili ya picha huondoka na picha ya miti na vitambaa.

Magharibi ya bwawa kuna Kilikoodu, ukumbi wa vizimba vya kasuku. Zamani kasuku walifugwa hapa na kufunzwa kulitaja jina la Meenakshi, kwa sababu sanamu yake huonyeshwa na kasuku mkononi. Kasuku hawapo tena, lakini sogelea nguzo zenye yali, yule mnyama wa mawe aliye nusu simba nusu tembo. Chungulia kinywani mwa mmoja wao: kuna mpira wa jiwe uliochongwa humo humo, unaozunguka na hauwezi kutoka kati ya meno. Fundi hakuuingiza, aliuchonga ukiwa ndani.

Hapo mbele ndipo lango la Meenakshi. Mwumini huingia, asiye Mhindu husimama kando, si katikati ya foleni. Kisha wote hufuata korido kuelekea kaskazini. Kwenye njia ya kutoka upande wa mke kwenda upande wa mume utamkuta Mukkuruni Vinayaka, sanamu kubwa ya jiwe moja ya Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo. Inasimuliwa kwamba alichimbuliwa ardhini wakati Tirumalai Nayak anachimba bwawa la Vandiyur mashariki mwa mji. Siku ya sikukuu ya Ganesha hupikiwa andazi moja kubwa kwa vipimo vitatu vya kale vya mchele, na jina lake limetoka hapo.

Ukumbi wa Kambathadi, mbele ya mlango wa Sundareswarar, ndio wa kukaa muda mrefu kuliko kumbi nyingine zote. Tafuta nguzo ya harusi. Meenakshi yuko katikati, kichwa kimeinama kidogo, mkono wake umo mkononi mwa Shiva, na Vishnu upande wa pili anamimina maji juu ya mikono iliyoshikana, ishara ya kumkabidhi dada yake. Angalia uso wa bibi arusi: mchongaji amempa haya bila kumnyang'anya umalkia. Picha hiyo utaiona imenakiliwa kwenye kadi za harusi, kalenda na kuta za maduka mji mzima.

Karibu yake wamesimama Shiva na mungu wa kike Kali, wakubwa kuliko mtu, katika shindano la ngoma. Shiva alishinda kwa kuinua mguu juu hadi kichwani, na Kali, kwa staha, hakuweza kumwiga. Kwa vizazi vingi waumini waliwarushia vidonge vya siagi ili kupoza hasira yao. Siagi huganda, hukusanya vumbi, na huacha utando mweusi kwenye jiwe. Usirushe chochote hata muuzaji akikushawishi. Ndani zaidi, katika ukumbi wa fedha, Shiva mcheza ngoma ameinua mguu wa kulia badala ya wa kushoto unaoinuliwa kwingine kote: mfalme Rajasekara Pandya, aliyechoka akijifunza ngoma, alimwomba mungu abadilishe mguu naye apumzike.

Malizia Ukumbi wa Nguzo Elfu, kaskazini mashariki, uliojengwa 1569 na Ariyanatha Mudaliar. Nguzo ni 985. Kwa wanaokagua hesabu: pengo limetokana na nafasi iliyoachiwa chumba kidogo cha ibada. Siku hizi ni makumbusho yenye kiingilio chake.

Nje ya mnara wa mashariki, ng'ambo ya barabara, kuna Pudu Mandapam ya Tirumalai Nayak. Humo ndimo utakapomkuta Tadaatagai kwenye nguzo akiwa bado na matiti matatu. Karibu yote unayoyaona, isipokuwa mnara wa mashariki wa karne ya 13, ni kazi ya watawala Wanayaka wa karne ya 16 na 17, kwa sababu majeshi ya Malik Kafur kutoka Delhi yaliupora mji mwaka 1311.

Sadaka na kinachorudi mkononi

Kapu la kawaida la mwumini lina nazi moja, ndizi mbili, majani ya tambuu na popoo, vijiti vya ubani, kidonge cha kafuri, pakiti ya kunkuma (unga mwekundu) na kishada cha asmini. Asmini ya Madurai ni maarufu hata imepewa hati ya kulinda jina lake. Nunua kapu nje, maana baada ya moto wa 2018 maduka ya ndani yaliamriwa kuondoka. Chagua maua ambayo bado yamefumba: yakichanua kabisa asubuhi, jioni yameshakuwa kahawia. Usiyanuse. Ua lililonuswa limekwisha kutumika, na si sadaka tena.

Anayetaka jina lake lisomwe mbele ya mungu hukata tiketi ya archana, kisha humtajia bhattar, kuhani wa hapa, jina, nyota ya kuzaliwa na ukoo. Kuhani hupasua nazi, hurudisha nusu, na huleta sinia la moto wa kafuri. Mwumini hupitisha viganja juu ya moto na kuvigusisha machoni.

Kinachorudi hutofautiana. Kwa Meenakshi hupewa kunkuma. Kwa Sundareswarar majivu meupe, vibhuti. Majivu nayo yana kisa: mtakatifu mtoto Sambandar alimponya mfalme wa Pandya homa kali kwa kumpaka majivu. Pokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa chini yake. Ukizidishiwa, usiyapanguse kwenye nguzo wala kuyamwaga sakafuni. Ndiyo sababu kuna vyombo na karatasi za kufungia. Usipotaka kupokea, kwa dini yako au kwa sababu nyingine, kunja viganja kifuani na uinamishe kichwa. Inatosha, na hakuna atakayekasirika.

Mwisho mwumini husujudu mbele ya nguzo ya bendera, wanaume kwa kulala kifudifudi, wanawake kwa kupiga magoti, kisha hukaa chini dakika chache kabla ya kutoka. Kukaa huku ni sehemu ya ziara.

Neno kwa wanaotoka nyumbani, Afrika Mashariki: wengi wetu tunayajua mahekalu ya Wagujarati ya Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam, na Watanzania na Wakenya wengi hufika Tamil Nadu, jimbo lenye Madurai, kuwasindikiza wagonjwa, hasa Chennai, karibu kilomita 500 kaskazini. Usitarajie kufanana. Hapa lugha ni Kitamil, jiwe ni jeusi, ibada hufanywa kizani penye taa za mafuta. Aliyefanyiwa upasuaji wa macho, na Madurai ina hospitali kubwa ya macho, asubiri mpaka daktari amruhusu. Moshi wa kafuri, unga wa kunkuma na viwiko vya umati si vitu vya jicho bichi.

Usiku na sikukuu

Kila usiku, karibu saa 3, Shiva hupelekwa kwa mkewe. Nyayo zake hutolewa chumbani mwake, huwekwa kwenye machela ya fedha, na makuhani huzibeba kwa ngoma, tarumbeta na ubani hadi chumba cha kulala cha Meenakshi. Huyu ni mume anayemwendea mke, tena nyumbani kwa mke. Fika saa 2:45, simama upande wa korido kati ya nyumba mbili, ukiwa umeegemea ukuta ili machela yapite. Wasio Wahindu huiona sehemu hii bila shida.

Sikukuu kubwa ni Chithirai, Aprili au Mei, kwa siku 12. Tarehe hubadilika kila mwaka kwa kufuata mwezi, kwa hiyo tazama kalenda ya Kitamil kabla ya kukata tiketi ya ndege. Siku ya nane Meenakshi hutawazwa na kupewa fimbo ya utawala, ya tisa huenda vitani, ya kumi huolewa, ya kumi na moja magari makubwa ya mbao huvutwa kwa kamba kwenye mitaa ya Masi. Harusi inapofungwa, wanawake wengi walioolewa hubadilisha uzi wa ndoa shingoni. Baada ya hapo Meenakshi hutawala miezi minne, mpaka mumewe atakapotawazwa mwezi wa Avani wa kalenda ya Kitamil.

Kwenye misafara ya farasi hutumika vikuku vya kuwekea miguu juu ya farasi, vya dhahabu vyenye vito. Vilitolewa na Rous Peter, mkuu wa wilaya wa Kiingereza aliyekuwa Madurai tangu 1812 hadi 1828. Wenyeji walimwita Peter Pandyan. Inasemwa usiku wa mvua msichana mdogo alimtoa nje ya nyumba, na radi ikaipiga nyumba nyuma yake.

Siku ya mwezi mpevu Vishnu wa hekalu la Azhagar Kovil, kilomita kama 20 kutoka mjini, huja juu ya farasi wa dhahabu kumwoza dada yake, akakuta harusi imekwisha, akaingia Mto Vaigai kisha akarudi bila kukanyaga hekalu. Watu hungoja rangi ya hariri atakayovaa: kijani ni mwaka wa neema. Usishuke mtoni. Aprili 2022 watu wawili walikufa kwa kukanyagana hapo. Weka miadi ya chumba cha hoteli kinachotazama daraja miezi kadhaa kabla, au tazama kwenye skrini zilizowekwa mitaani, na siku hiyo usipange treni yoyote ya kabla ya mchana, kwani barabara za kwenda stesheni hufungwa tangu usiku.